Nuru Iliyotupwa Ukutani: Runinga za Projekta na Waliozinusuru

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo imetimia mara nyingi katika historia ya vyombo vya nyumbani, lakini ni vichache vilivyoonja ukali wake kama runinga za projekta. Tangu katikati ya karne ya ishirini hadi mwanzo wa karne iliyofuata, mara tatu runinga hizo zilisifiwa kuwa ndiyo kilele cha maarifa, zikanunuliwa kwa fedha nyingi na wenye nazo. Na mara tatu zikatupwa pasi na mtu wa kuzililia. Zile za kale zilizosalia leo ni chache, na aghalabu kila iliyosalia imesalia kwa sababu yupo mtu mmoja aliyekataa itupwe.

Runinga ya projekta si runinga ya kawaida iliyokuzwa. Katika runinga ya kawaida ya zamani mtazamaji aliangalia uso wa tyubu ya picha yenyewe, yaani kile kioo kinene kilichong'aa mbele yake. Katika runinga ya projekta tyubu ilifichwa ndani ya kabati. Ilikuwa ndogo, pengine si pana kuliko mdomo wa kikombe, lakini iliwaka kwa ukali. Kisha nuru yake ilipitishwa kwenye vioo na lenzi, ikatupwa juu ya kiwambo kikubwa. Aliyekaa sebuleni alitazama nuru ya picha ambayo yenyewe ilikuwa mahali pengine.

Makala haya yanaeleza runinga hizo zilitoka wapi, zilikufa kwa sababu gani, na zinaokolewaje. Mwishoni yanagusa swali ambalo limewagawa waokoaji wenyewe, nalo ni hili: chombo kinachojila kila kinapowashwa, je, kiwashwe au kiachwe gizani?

Hamu ya picha kubwa ni kongwe kuliko runinga ya sebuleni. John Logie Baird, Mskochi aliyeonyesha runinga yake mbele ya wataalamu jijini London tarehe 26 Januari 1926, alianza na picha ndogo iliyotetemeka. Haikupita miaka mingi kabla hajatamani umati. Mwezi Julai 1930 alipeleka chombo chake katika jumba la maonyesho la London Coliseum. Kiwambo chake kilikuwa na taa ndogo 2,100, na kila taa ilikuwa nukta moja ya picha. Juni 1932 watu waliokaa katika sinema ya Metropole, mtaa wa Victoria, waliona mashindano ya farasi ya Derby yakikimbiwa Epsom saa ile ile. Tarehe 23 Februari 1939 wengine walilipa kiingilio katika sinema za London ili kuona pambano la ngumi kati ya Eric Boon na Arthur Danahar, nao hawakuwapo ukumbini lilikopiganwa.

Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Scophony ya London ilikuwa ikitengeneza picha kubwa kwa njia ya ajabu zaidi: mawimbi ya sauti, ya juu mno kusikika na sikio, yalipitishwa ndani ya kimiminika ili kuizuia na kuiachia nuru ya taa. Vita vikaja. Tarehe 1 Septemba 1939 BBC ilizima runinga yake, ikairudisha hewani tarehe 7 Juni 1946. Mengi yaliyokuwa yameanza yakakatika hapo.

La kuzingatia ni kwamba wengi wa waasisi hao hawakuifikiria runinga kuwa ya mtu na mkewe na watoto wao mbele ya kabati. Waliifikiria kuwa ya mkutano: macho mengi, kiwambo kimoja. Fikra hii si ngeni visiwani. Zanzibar ilipoanzisha runinga ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo Tanzania Bara ilikuwa bado haina runinga kabisa na haikuipata hadi 1994, vyombo vilikuwa vichache na watazamaji wengi. Watu walikusanyika. Hamu ya kiwambo kikubwa ni hamu ya kukaa pamoja, na ndiyo iliyozaa chombo kinachozungumziwa hapa.

Hata hivyo, kilichoiingiza projekta sebuleni hakikuwa hamu peke yake, bali pia udhaifu wa kioo. Tyubu ya picha ni chupa iliyotolewa hewa, na hewa ya nje huigandamiza kwa uzito wa takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Uso wa duara wenye kipenyo cha sentimita 30 tu hubeba karibu kilo 700. Kadiri uso unavyopanuka ndivyo kioo kinavyotakiwa kuwa kinene, kizito na ghali, na ndivyo hatari ya kupasuka inavyozidi. Viwanda vya miaka ya 1940 vilikuwa bado havijamudu kutengeneza tyubu kubwa kwa wingi. Ikiwa tyubu kubwa haiwezekani, basi njia iliyobaki ni kuchukua tyubu ndogo na kuikuza picha yake.

Ugumu wa njia hiyo umo katika hesabu. Picha ikikuzwa mara tano kwa urefu na mara tano kwa upana, nuru ile ile hutandazwa juu ya eneo kubwa mara 25, na hivyo hufifia kwa kiasi hicho. Lenzi za kawaida za wakati huo zilipoteza sehemu kubwa ya nuru hata kabla haijafika kwenye kiwambo. Ilihitajika njia ya kuikusanya karibu yote, na njia hiyo ilikuwa imekwisha kupatikana, ingawa kwa kazi nyingine kabisa.

Bernhard Schmidt alizaliwa mwaka 1879 katika kisiwa kidogo cha Naissaar, Estonia. Alipokuwa kijana alijitengenezea baruti, ikalipuka, akapoteza mkono wake wa kulia. Kwa mkono uliobaki akawa msuguaji wa vioo vya darubini ambaye wanafalaki wa Ujerumani walimtegemea. Mwaka 1929 alisafiri na mwanafalaki Walter Baade hadi Ufilipino kutazama kupatwa kwa jua, na mwaka uliofuata, akiwa katika kituo cha falaki cha Bergedorf, Hamburg, alikamilisha kamera iliyobeba jina lake. Ndani yake mlikuwa na kioo cha kuakisi chenye umbo la sehemu ya tufe, ambacho hukusanya nuru nyingi lakini huipotosha; na mbele yake bamba jembamba la kioo lililosuguliwa kwa mkunjo wa siri, ili kuirekebisha nuru kabla haijapotoka. Kamera hiyo ilipiga picha za eneo pana la mbingu kwa ukali usiokuwa umeonekana. Schmidt akafa mwaka 1935.

Wahandisi wa runinga waliichukua kamera ya Schmidt na kuigeuza nyuma mbele. Katika kamera ya nyota, nuru hutoka mbali, hupita kwenye bamba, hugonga kioo, na kukusanyika juu ya kipande kidogo cha filamu. Wao waliweka tyubu ndogo ya picha pale ilipokuwa filamu. Nuru ikatoka hapo, ikagonga kioo, ikapita kwenye bamba, ikaenda kutua kwenye kiwambo. Chombo kilichobuniwa kuileta mbingu ndani ya chumba kikawa kinatoa picha kutoka ndani ya kabati.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya RCA ya Marekani ilitoa runinga ya aina hiyo, namba 648PTK. Tyubu yake ilikuwa na uso wa inchi tano, karibu sentimita 13, na ilipewa umeme wa volti zipatazo 27,000. Picha iliyotua kwenye kiwambo ilikuwa na upana wa sentimita 51 na kimo cha sentimita 38. Bei ilizidi dola 1,000, wakati ambapo familia ya kawaida ya Marekani ilipata kiasi cha dola 3,000 kwa mwaka mzima. Ili kuepuka kusugua bamba la Schmidt kwa mkono, RCA ililifinyanga kwa plastiki. Upande wa Uholanzi, Philips walikuja na ufumbuzi wa busara zaidi: walimimina gelatini juu ya kioo ndani ya kalibu, wakaiacha ikauke na kusinyaa hadi ipate mkunjo uliotakiwa. Tyubu ya Philips ilikuwa na kipenyo cha takriban sentimita 6 tu, ikiendeshwa kwa volti 25,000. Mfumo mzima, tyubu na vioo ndani ya sanduku moja la chuma, uliitwa Protelgram na kuuzwa hata kwa watengenezaji wengine wa runinga. Chuma kile kilifaa pia kwa ulinzi, kwa kuwa elektroni zinazogonga kioo kwa nguvu hiyo huzaa mionzi ya eksirei.

Runinga hizi zilikuwa na kasoro, na haifai kuzificha kwa mapenzi ya mambo ya kale. Picha ilikuwa hafifu, ikahitaji chumba kifanywe giza. Aliyekaa pembeni aliona kidogo, na wakati mwingine hakuona kitu. Tyubu ilichoka mapema kwa sababu ilikamuliwa kupita kiasi. Kilichoziua hasa ni kwamba mafundi wa kioo hawakulala: kufikia mapema miaka ya 1950 tyubu kubwa za kutazamwa moja kwa moja zilipatikana kwa bei nafuu, zenye picha angavu hata mchana. Projekta ya sebuleni ikapoteza sababu ya kuwapo kwake. Makabati makubwa yakasukumwa ghalani, kisha nje, kisha jaani. Kifo cha kwanza kilichukua miaka isiyozidi kumi.

Wakati projekta ya sebuleni ikifa, projekta ya ukumbini ilikuwa ikiishi maisha mengine. Mwaka 1939 Fritz Fischer, profesa wa chuo cha ETH mjini Zürich, Uswisi, alibuni chombo alichokiita Eidophor, jina lililoundwa kwa Kigiriki, maana yake mbeba picha. Fischer aliliona tatizo lote lilivyo: tyubu ililazimishwa kufanya kazi mbili, kuichora picha na kuimulika. Akazitenganisha. Katika Eidophor mwale wa elektroni ulichora tu. Uliandika picha juu ya utando mwembamba wa mafuta yaliyotandazwa kwenye kioo cha kuakisi kilichozunguka polepole ndani ya ombwe. Kazi ya kumulika iliachiwa taa kali iliyokuwa nje. Pale mwale ulipopita, mafuta yalijikunja viwimbi vidogo visivyoonekana. Viwimbi hivyo vikaipindisha nuru ya taa, nayo ikapenya katikati ya fito za chuma hadi kwenye kiwambo. Pale mafuta yalipobaki tambarare, fito ziliizuia nuru na kiwambo kikabaki cheusi.

Mfano wa kwanza ulionyeshwa mwaka 1943, Ulaya ikiwa katikati ya vita. Fischer akafa mwaka 1947 kabla hajauona ukienea. Wenzake waliuendeleza, na kwa miongo kadhaa Eidophor ikawa mojawapo ya vyombo vichache vyenye uwezo wa kujaza ukumbi mkubwa kwa picha hai. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliitumia kuwaonyesha wataalamu wenzake kipanya cha kompyuta na maandishi yaliyounganishwa, mambo ambayo leo mtoto wa shule anayaona ya kawaida. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliziweka Eidophor katika chumba chake cha uongozi mjini Houston katika zama za safari za Apollo.

Chumba hicho cha Houston kina somo lake. Kiliharibika kwa kuachwa, kisha kikakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, miaka 50 tangu binadamu kukanyaga mwezi. Mazulia na karatasi za ukutani zilitafutwa zilingane na zile za zamani, na vikombe na vijaluba vya majivu ya sigara vikarudishwa juu ya meza. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini kuirudishia Eidophor uhai ni jambo la aina nyingine. Haikai kama kikombe kinavyokaa. Ombwe lake lilitaka pampu ifanye kazi muda wote, kwa sababu mafuta yenyewe yalilichafua. Ilihitaji fundi aliyefunzwa kukaa nayo. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kuokolewa peke yake. Ama anaokolewa pamoja na fundi wake na maarifa yake, ama kinachobaki ni sanduku.

Projekta ilirudi sebuleni mwaka 1972. Aliyeirudisha ni Henry Kloss, Mmarekani aliyekwisha kupata jina kwa spika zake za muziki. Kampuni yake ya Advent ilitoa VideoBeam 1000, yenye tyubu tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kiwambo kilichopinda chenye ulalo wa futi saba, zaidi ya mita mbili. Kabati la projekta lilikaa katikati ya sebule likikitazama kiwambo. Kloss naye alimrudia Schmidt, lakini akavitia kioo cha kuakisi na bamba lake ndani ya tyubu yenyewe, ndani ya ombwe. Hapo alipata nuru nyingi bila vumbi. Alipata pia, bila kukusudia, chombo kigumu mno kufufuliwa: tyubu ikifa, macho yake yote hufa pamoja nayo. Kiwambo nacho kilikuwa na uso laini wa alumini, usiopenda kuguswa.

VideoBeam zilienea katika baa za Marekani, watu wakaangalia michezo kwa makundi, na ndoto ya mwaka 1939 ikatimia kwa namna yake. Kisha, katika miaka ya 1980 na 1990, viwanda vya Japani na Marekani viliingiza kila kitu katika kabati moja. Tyubu tatu ziliwekwa chini, kioo nyuma, na kiwambo mbele. Kati ya tyubu na lenzi kulijazwa kimiminika cha kupooza joto. Kabati hilo lilikuwa zito, lenye kimo cha kifua cha mtu mzima, na kwa muda lilikuwa alama ya neema ndani ya nyumba. Kisha zikaja runinga bapa. Sony ilitangaza mwaka 2007 kuachana na runinga za projekta. Mitsubishi, iliyobaki nyuma ya wenzake, ikaacha Desemba 2012.

Katika kifo hiki cha tatu kuna kichekesho chenye uchungu. Kiwambo cha runinga hizi kina bamba kubwa la plastiki lenye mistari ya duara, liitwalo lenzi ya Fresnel, ambalo husawazisha nuru. Watu waligundua kwamba bamba hilo likielekezwa juani hukusanya joto la kuwasha kuni, hata kuyeyusha baadhi ya metali. Basi runinga nyingi zilizoachwa mitaani zilivunjwa kwa ajili ya kitu hicho kimoja, na mengine yote yakaachwa pale pale.

Kuokoa kunaanzia hapo, mlangoni. Vyombo vidogo vya kale huokolewa na bahati yao: redio ndogo hukaa rafuni miaka 60 bila kumbughudhi mtu. Runinga ya projekta haina rafu. Mwenyewe akifa au akihama, warithi huona mzigo wa watu wanne usiopita ngazini. Mkusanyaji asipofika siku ile, hakuna siku ya pili. Kwa sababu hiyo makumbusho mengi yana redio tele na runinga za projekta chache, na mtazamaji wa kesho anaweza kudhani kuwa za pili hazikuwahi kuwa na maana. Historia ya vyombo huandikwa kwa kiasi kikubwa na ukubwa wa milango.

Chombo kikishafika karakana, kosa la kwanza ni kukitia kwenye umeme. Kapasita za kale hukauka au huvuja, na zikipewa umeme wote kwa ghafla huunguza vilivyo pembeni yao. Fundi mwenye subira huzibadilisha kwanza, kisha hupandisha umeme kidogo kidogo huku akipima. Kosa la pili ni usafi. Kioo cha ndani kimepakwa alumini kwa mbele, si kwa nyuma kama kioo cha kujitazamia, na kitambaa kimoja chenye vumbi kinatosha kukiharibu milele. Katika runinga za miaka ya karibuni, kimiminika cha kupooza huota ukungu. Hukamuliwa, chumba chake kikaoshwa, na kipya kikatiwa. Kisha huja kazi ya kuzilinganisha rangi tatu hadi zikae juu ya nukta moja, kazi ambayo huweza kumaliza siku nzima, na kabati likisogezwa huanza upya.

Baada ya hayo yote chombo huwa hakina cha kuonyesha. Mawimbi kiliyozaliwa kuyapokea hayapo. Uingereza ilizima mfumo wake wa mistari 405 mwezi Januari 1985. Marekani ilimaliza matangazo ya analojia ya vituo vyake vikubwa tarehe 12 Juni 2009, Japani ikafuata mwaka 2011, na Tanzania ilianza kuyazima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Wakusanyaji hutumia vigeuzi vidogo vinavyochukua picha ya leo na kuishusha hadi lugha ya kale ya chombo. Kazi hiyo ni tafsiri kwa kila hali, na kama tafsiri zote, kuna kinachopotea njiani. Lakini bila yake chombo ni bubu.

Lililo gumu kuliko yote ni tyubu. Zamani kulikuwa na viwanda vidogo vya kuzifufua tyubu za picha. Shingo ya tyubu hukatwa, bunduki ya elektroni iliyochoka hutolewa, mpya huunganishwa kwa moto, hewa hutolewa huku kioo kikiokwa, kisha shingo huzibwa. Kimoja cha mwisho nchini Marekani, Hawk-Eye cha Des Moines, Iowa, kilifungwa mwaka 2010. Jumba la makumbusho la runinga za awali lililoko Hilliard, Ohio, lililoanzishwa na Steve McVoy, lilizichukua mashine zake ili ujuzi wenyewe usife. Uamuzi huo una maana kubwa, kwani makumbusho yaliona kuwa haitoshi kuhifadhi runinga bila kuhifadhi ufundi wa kuzitibu.

Kwa tyubu za projekta, hata tiba hiyo ina mpaka. Tyubu ya kawaida huchoka bunduki. Ya projekta huchoka uso. Fosfa, yaani ule unga unaong'aa unapopigwa na elektroni, huungua kwa kazi nzito, na kioo chenyewe hubadilika rangi kuwa cha kahawia. Bunduki mpya haiponyi uso ulioungua. Ndiyo kusema kwamba kila saa ambayo runinga ya mwaka 1948 inawashwa ni saa inayotolewa kwenye akiba isiyoongezeka.

Hapo ndipo waokoaji hutofautiana, na tofauti yao si ya ukaidi. Wapo wasemao chombo cha nuru kisichowaka si chombo. Kabati la mbao, kwao, ni ganda. Kilichowashangaza watu wa 1948 ni picha, na asiyeiona picha hiyo, na ufifu wake na rangi yake ya samawati iliyopoa, hajui lolote juu ya runinga hiyo hata akiipapasa kutwa. Wapo pia wasemao kwamba furaha ya usiku mmoja leo ni wizi kwa mtu wa mwaka 2100. Tyubu nzima isiyowashwa inaweza kupimwa, kuchunguzwa, pengine kuigwa. Iliyoungua haitamfundisha mtu chochote ila majuto.

Kila upande una haki yake, lakini kila upande, ukiachwa peke yake, hufika pabaya. Kuwasha bila kiasi humaliza. Kutowasha kabisa huua kwa njia ya polepole, kwa sababu fundi ambaye hajawahi kuiona picha sahihi hatajua siku akiiona mbovu. Na kizazi kisichojua picha ilivyokuwa hakitaona sababu ya kuendelea kulilipia ghala. Njia ya wenye busara kati yao ni ya wastani: kuwasha kwa nadra, kwa nuru ya chini, mbele ya watu wengi kadiri inavyowezekana, na wawepo wanaojifunza. Saa moja mbele ya wanafunzi kumi inaacha kitu nyuma yake, tofauti na saa moja ya mtu aliyejifungia peke yake.

Simulizi ya Schmidt inaunga mkono rai hii. Hakuandika mengi kuhusu namna alivyolisugua bamba lake, na kwa sehemu kubwa alikufa na siri yake mkononi. Waliobaki walilazimika kuitafuta. Njia inayohusishwa naye ni nyepesi kuisimulia na ngumu kuitenda: bamba jembamba liliwekwa juu ya chombo, hewa ya chini yake ikapunguzwa hadi kioo kikabonyea kidogo, likasuguliwa likiwa limebonyea, kisha hewa ikarudishwa. Kioo kikajiachia, na kwa kujiachia kikajipa mkunjo ambao hakuna mkono ungeweza kuuchonga. Rafiki yake Baade aliijua thamani ya kamera ile akaisambaza habari yake Marekani, na ndiyo maana haikuzikwa na mwenyewe.

Lau asingekuwapo rafiki wa kusimulia, bamba lile lingebaki kipande cha kioo kinachopita nuru, na hakuna ambaye angejua kwa nini hakikuwa tambarare. Kwa hiyo anayeibeba runinga ya projekta kutoka nyumba inayobomolewa anaokoa nusu tu ya kitu. Nusu ya pili imo mikononi mwa mzee mmoja wa karakana, anayejua kwa kidole ni wapi pa kugusa na wapi pa kuacha. Naye hapitishwi mlangoni kwa watu wanne, wala hatangazwi kuwa anauzwa. Huyo ndiye wa kuwahiwa kwanza.